Waya wa Tororo: Jinsi Somo la Umeme Lilivyofika Kampala

Nyuma ya nyumba ya bibi yangu, nje kidogo ya mji wa Tororo, zinapita nyaya za umeme mkubwa, kilovolti 132. Zinatoka Jinja, zinavuka mpaka wa Kenya, zinaishia Nairobi. Utotoni tulizisikia zikivuma usiku wa mvua na tulijua zimebeba moto mwingi, lakini ndani ya nyumba tulisoma kwa kibatari. Bibi aliolewa pale nyaya zikiwa tayari juu ya shamba la mihogo, akaishi chini yake karibu nusu karne kabla ya umeme kuingia chumbani kwake. Mimi nilikuwa darasa la sita siku ile taa ilipowaka.

Leo nasoma uhandisi wa umeme na kompyuta katika Chuo Kikuu cha Makerere. Kiswahili nilikipata kwanza mpakani Malaba, kwa madereva wa malori, ndipo nikakikuta darasani. Katika insha hii nataka kueleza historia ya somo langu: lilifikaje Kampala, na kwa nini lilichelewa. Wengi wetu tunadhani idara yetu ilikuwapo tangu chuo kilipoanza. Haikuwapo. Kwa miaka mingi Mganda aliyetaka shahada ya umeme katika Afrika Mashariki ilibidi afuate njia ileile ya nyaya za Tororo, aende Nairobi.

Ajabu ni kwamba Makerere yenyewe ilizaliwa ikiwa karakana. Mwaka 1922 ilianza kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 wa kutwa, waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika. Mwaka huohuo ikaitwa Chuo cha Makerere, kisha yakaongezwa masomo mengine: utabibu, kilimo, ualimu. Kadiri chuo kilivyopanda cheo, ndivyo mafundi walivyosogezwa pembeni. Ufundi ukawa na shule yake, ambayo baadaye ilihamia kilima cha Kyambogo, mashariki ya mji. Mwaka 1949 Makerere ilipokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, haikuwa na shahada ya uhandisi hata moja. Aliyehitimu pale alikuwa daktari, mwalimu au mtu wa ofisi. Nyundo ilibaki kwa wengine.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake ya kikoloni. Serikali ilihitaji waganga, walimu na makarani wenyeji kwa sababu kuwaleta wote kutoka Uingereza kungekuwa ghali. Wahandisi walihitajika wachache, na hao waliletwa. Mafundi wengi wa mijini walikuwa Wahindi. Mwafrika alitarajiwa kushika bisibisi. Mchoro ulichorwa na mtu mwingine.

Wakati huohuo mto ulikuwa unaandaliwa. Bodi ya Umeme ya Uganda, UEB, iliundwa mwaka 1948, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa Charles Westlake, mhandisi Mwingereza ambaye ripoti yake iliishawishi serikali kuutumia Mto Nile pale unapotoka ziwani. Bwawa la Owen Falls likajengwa Jinja. Tarehe 29 Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Pili alikuja kulifungua. Mpango ulikuwa wa mashine kumi, kila moja ya megawati 15. Kwa Uganda ya wakati ule, ambayo viwanda vyake ungeweza kuvihesabu kwa vidole, megawati 150 zilikuwa nyingi mno. Lakini Nairobi ilikuwa na njaa ya umeme. Mwaka huohuo wa 1954 ikaundwa Kenya Power Company kwa kazi hiyo hasa: kununua umeme wa Jinja na kuupeleka Nairobi kupitia Tororo na Juja. Hivyo ndivyo shamba la bibi lilivyopata kivuli cha nyaya.

Mwaka 1956 chuo cha Royal Technical College kilipokea wanafunzi wake wa kwanza Nairobi. Kilikusudiwa kuwa cha Afrika Mashariki nzima, na kazi yake ilipangwa isigongane na Makerere: kufundisha uhandisi na biashara, masomo ambayo Kampala haikuyatoa. Mwaka 1961 kikawa Royal College Nairobi na kuanza kuandaa wanafunzi kwa shahada za London. Kisha mwaka 1963 kikazaliwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, Julius Nyerere akiwa mkuu wake wa kwanza, chenye vyuo vishiriki vitatu. Makerere ilishika utabibu na kilimo. Dar es Salaam ilishika sheria. Nairobi ilishika uhandisi, udaktari wa mifugo na usanifu wa majengo.

Ukiutazama mgawanyo huo kwa macho ya mhasibu, huwezi kuulaumu. Darasa la sheria linahitaji vitabu, viti na mwalimu mzuri. Darasa la umeme linahitaji mota, jenereta, transfoma, mita za kupimia, karakana, na fundi anayekaa humo kutwa kuhakikisha wanafunzi hawaunguzi kitu wala hawaungui wao. Kujenga maabara tatu za namna hiyo kwa wanafunzi wachache wa miaka ile kungekuwa kutupa pesa. Serikali tatu changa, zote na madeni, zilikubaliana kuchangia sufuria moja. Nakiri kwamba kama ningekuwa mjumbe wa kamati ile, ningenyoosha mkono kuunga mkono.

Tatizo ni kwamba mashine hazikuwa Nairobi. Mashine kubwa kuliko zote zilikuwa Jinja. Nchi iliyokuwa na bwawa haikuwa na mahali pa kumfundisha mtu wa kulitunza.

Jirani yetu mmoja wa Tororo, mhandisi mstaafu ambaye aliniomba nisimtaje jina, alipita njia hiyo. Nilimtembelea likizo iliyopita nikiwa na daftari. Alipanda treni Tororo mwaka 1967 akiwa na sanduku la bati na barua ya kupokelewa. Walilala kwenye behewa, wakapita Eldoret na Nakuru, wakateremka Nairobi siku iliyofuata. Mtu wa kwanza aliyemuuliza njia alimjibu kwa Kiswahili, naye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu. Huko ndiko aliposikia umeme ukiitwa stima. Neno hilo lilimchekesha, kwa maana kwake stima ilikuwa meli ya ziwani.

“Mjukuu wangu,” aliniambia, “mashine za Jinja nilizijulia Nairobi, kwenye ubao.”

Nilimuuliza, “Ubaoni namna gani, Mzee?”

Akaniomba kalamu. Akachora kiduara upande wa kushoto wa karatasi, akaandika J. Akavuta mstari mrefu kwenda kulia, akaweka nukta katikati, akamalizia na mshale. Alisema hilo lilikuwa zoezi la mwaka wa pili: umepewa urefu wa nyaya, unene wake, volti zinazotoka Jinja na mzigo unaotakiwa Nairobi, hesabu volti ngapi zitapungua njiani na umeme kiasi gani utapotea kwa joto la nyaya. Nukta ya katikati ilikuwa Tororo. Mhadhiri aliiita kituo cha njiani, akaendelea na hesabu. Mzee alisema alikaa akiitazama ile nukta, kwa sababu mama yake alikuwa amelala ndani yake bila taa.

Zoezi hilo nasi tulilifanya mwaka jana, kwa namba nyingine. Kwa wasomaji wasiosoma somo hili nitaeleza kwa kifupi. Kila waya una ukinzani, na umeme unaopita humo hugeuka joto kidogo kidogo. Ukiongeza volti, unaweza kusafirisha nguvu ileile kwa mkondo mdogo, na mkondo ukipungua nusu, upotevu hupungua mara nne. Ndiyo maana umeme wa safari ndefu hupandishwa kwanza kwa transfoma, kisha hushushwa unapofika. Na ndiyo maana bibi hakuweza kuchomoa waya wake kutoka juu ya mihogo: kuushusha umeme huo hadi kiwango cha taa ya nyumbani kunahitaji kituo kizima, na kituo hujengwa panapokuwa na wateja wa kutosha. Fizikia haikuwa na ubaya naye. Hakuna aliyekuwa amemhesabu kama mteja, basi.

Mzee alimaliza mwaka 1970. Shahada yake, ambayo aliitoa kwenye bahasha kwa uangalifu kama hati ya ardhi, ina jina la Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki. Tarehe 1 Julai mwaka huohuo chuo hicho kilivunjwa, na vyuo vyake vitatu vikawa vyuo vikuu vitatu vinavyojitegemea. Mwaka huohuo Makerere ikaanzisha Kitivo cha Teknolojia, na uhandisi ukarudi kwenye kilima ulipoanzia miaka 48 kabla.

Hapa nataka kutofautiana na jambo ninalolisikia mara kwa mara katika semina zetu. Tunaambiwa kwamba kuvunjika kwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kulikuwa hasara tupu, kwamba vijana wa nchi tatu walipoteza nafasi ya kulala bweni moja na kujuana. Kuhusu kujuana nakubali kabisa. Mzee bado anapigiwa simu za Krismasi na mtu wa Kisumu na mwingine wa Moshi, na mimi sina rafiki hata mmoja wa kozi yangu aliyeko Nairobi. Lakini kuhusu somo la umeme, kuvunjika huko ndiko kulikotufungulia mlango. Nairobi ilikuwa na sababu gani ya kugawa maabara zake? Nani angeamka asubuhi moja akasema sasa Kampala nayo ipewe? Mgawanyo wa aina ile, ukishakaa miaka kumi, hugeuka kuwa kawaida, na kawaida haiulizwi.

Hasara yetu ilitoka upande mwingine. Kitivo kilikuwa hakijatimiza mwaka pale Idi Amin alipochukua serikali, Januari 1971. Agosti 1972 aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Walioondoka si wenye maduka ya vitambaa peke yao. Walikuwamo wakandarasi wa umeme, wauzaji wa vipuri, mafundi na walimu. Oktoba mwaka huo makamu mkuu wa chuo, Frank Kalimuzo, alichukuliwa na hakuonekana tena. Wahadhiri wengi wa kigeni wakafunga mizigo. Kitivo kipya kilikuwa kimewekewa matumaini kwamba wageni wangefundisha mpaka wenyeji wasomeshwe na kushika nafasi zao. Wageni wakaondoka kabla wenyeji hawajatosha, na baadhi ya wenyeji waliokuwa tayari nao wakavuka mpaka.

Mzee alikuwa kazini UEB miaka hiyo. Hakupenda kuisimulia sana. Aliniambia tu kwamba vifaa vilipokwisha walikuwa wakivua kifaa kwenye mashine iliyosimama ili kuiponya inayotembea, na kwamba ukifanya hivyo mara ya kwanza unajiita hodari, mara ya kumi unajua unakula mbegu. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 mitambo ya Jinja ilikuwa imechakaa vibaya. Baadaye ilikarabatiwa, na mashine zote kumi zikaongezewa uwezo hadi jumla ikafika megawati 180.

Kitu kimoja hakikukatika. Mwaka 1976 Amin alidai sehemu ya magharibi ya Kenya. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa, mali zake zikagombaniwa, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Katika miaka yote hiyo umeme wa Jinja uliendelea kupita juu ya Tororo kwenda Nairobi. Wanafunzi ndio walioacha kupita.

Dar es Salaam ilianzisha kitivo chake cha uhandisi mwaka 1973, miaka mitatu baada yetu, kwa msaada mkubwa wa Wajerumani, na mafunzo kwa vitendo viwandani yakawa sehemu ya masomo. Tulianza mbele yao, wakatupita, kwa sababu wao walikuwa na amani. Mbegu yao ilisafiri pia: Silas Lwakabamba, aliyewahi kuwa mkuu wa kitivo hicho, ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, KIST, ilipofunguliwa mwaka 1997 katika majengo yaliyokuwa ya chuo cha kijeshi. Wenzangu wa Rwanda wataandika habari hiyo vizuri kuliko mimi.

Nimesema nasoma umeme na kompyuta, na bado sijagusa kompyuta. Hii iliingia Makerere kwa mlango tofauti. Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta ilianzishwa mwaka 1985, mbali na kitivo chetu, na kwa muda mrefu watu wa umeme waliiona kompyuta kama kifaa cha kuhesabia tu. Simu za mkononi ndizo zilizobadilisha mawazo. MTN ilianza kazi Uganda mwaka 1998, na ghafla kukawa na minara milimani, kila mnara una umeme chini na kompyuta ndani. Mhandisi aliyejua kimoja bila kingine alikuwa nusu mtu. Kitivo cha Teknolojia kikaunganishwa na sanaa na usanifu kuwa chuo kimoja ndani ya Makerere, CEDAT, na idara yetu ikawa na jina la vitu viwili.

Binafsi sioni ajabu viwili hivyo kukaa pamoja. Katika kituo cha umeme cha zamani kuna relei, swichi inayojifungua yenyewe mkondo ukizidi. Panga relei kadhaa, hii ikisubiri ile, na umeshapata mashine inayoamua: kama hiki na kile, basi kata. Kompyuta hufanya hivyohivyo kwa swichi ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndiyo maana siku hizi kazi ya relei katika vituo vipya inafanywa na kompyuta, na wazee wa vituoni wanatuita sisi vijana tukawasomee kinachoandikwa kwenye skrini.

Njaa ya maabara, ile iliyotufanya tupelekwe Nairobi, haikuisha. Katika miaka ya 2000 Makerere iliingia mradi wa maabara za mbali pamoja na MIT ya Marekani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Chuo Kikuu cha Obafemi Awolowo cha Ile-Ife, Nigeria. Wazo lake lilikuwa rahisi. Huna vifaa vya kuwatosha wanafunzi wote? Weka ubao mmoja wa saketi, uunganishe na kompyuta, kila mwanafunzi aufikie kwa zamu kupitia intaneti, hata usiku wa manane. Watu wengi wakitaja idara yetu hukumbuka gari la Kiira EV, lile la viti viwili la umeme lililozinduliwa mwaka 2011. Gari lilipigwa picha sana, nami nalionea fahari. Lakini nadhani ule ubao ulitufaa zaidi, kwa kuwa ulijibu swali la mwaka 1963 kwa njia ambayo kamati ya mwaka 1963 isingeweza kuiota: chombo kibaki kimoja, watu wasisafiri. Ila kulikuwa na kichekesho. Mwaka 2006 maji ya ziwa yalipungua, mgao wa umeme ukawa mkali nchi nzima, na maabara ya mbali bila umeme ni mbali kwelikweli.

Mwaka huu darasa letu lilitembelea Jinja. Kituo cha zamani siku hizi kinaitwa Nalubaale. Kwa miaka 20 kilikuwa kikiendeshwa na kampuni ya Eskom kwa mkataba, na tangu mwaka 2023 kimerudi mikononi mwa kampuni ya serikali, UEGCL. Mhandisi wa zamu aliyetupokea alisoma Makerere, idara yetu, na wawili aliofanya nao kazi siku hiyo pia. Mwanafunzi mwenzangu aliwauliza kama kuna aliyesoma Nairobi. Walitazamana, wakacheka, hawakuwa na habari kwamba watu waliwahi kupelekwa.

Katika chumba cha udhibiti niliona mita ya laini iliyoandikwa TORORO. Nilipotoka nje nilimpigia Mzee simu. Aliniuliza swali moja tu: sindano inaelekea upande gani? Siku hizi umeme kati yetu na Kenya huenda na kurudi, kutegemea nani anao wa ziada. Nikamwambia saa ile ulikuwa unakwenda Kenya. Akanyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama nimehesabu unaopotea njiani. Nikamwambia nimeanza, ila namba za laini ya sasa sijazipata zote. Akasema nipite kwake Desemba na karatasi za kutosha.